Kisa cha trela ya boti iliyokataa kurudi nyuma mlimani

Trela inayochambuliwa hapa ina ekseli mbili na chesisi ya chuma kilichopakwa zinki, na hubeba boti ya uvuvi. Boti ikiwa juu na mafuta, nyavu na nanga vikiwemo, jumla ni kilo 2,600. Magurudumu yote manne yana breki za diski, na breki hizo huendeshwa kwa msukumo. Kichwa cha trela kina kipande kinachoteleza ndani ya kingine. Pikapu inapopunguza mwendo, trela huisukuma kwa nyuma, kipande hicho huingia ndani na kukandamiza masta silinda (pampu ndogo ya mafuta ya breki), na mafuta hayo hubana kalipa (koleo linaloshika diski kwa pedi). Dereva hana swichi wala waya wowote wa breki za trela. Plagi ni ya pini nne: waya hasi, taa za nyuma, na indiketa mbili.

Boti hushushwa baharini, kwenye maji ya chumvi. Banda lake liko juu ya kilima kidogo, mwisho wa njia ya changarawe yenye urefu wa mita 40 na mwinuko wa asilimia 12. Juu hakuna nafasi ya kugeuza, kwa hiyo lazima trela ipande kinyumenyume. Huvutwa na pikapu mbili tofauti kwa zamu.

Kwenye lami tambarare trela hurudi nyuma bila shida, na kwenye njia ya kuishushia baharini hurudi laini zaidi. Ikifika kwenye changarawe ya kilimani, baada ya mita mbili tatu tu magurudumu yote manne hukaza kwa pamoja, tairi huburuzwa na kuchimba mifereji, na klachi ya pikapu huanza kunuka. Kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, ndivyo trela inavyozidi kugoma.

Kulikuwa na dawa ya kienyeji. Tundu lilitobolewa kwenye kichwa cha trela na bolti ya milimita 12 ikapitishwa ili kipande cha kuteleza kisiingie. Trela ikapanda. Kesho yake bolti ilisahaulika mahali pake, trela ikavutwa barabarani bila breki hata moja, mpaka breki za mbele za pikapu zikapata moto na pedali ikaanza kuzama. Ndipo ilipoonekana kwamba mfumo wenyewe unahitaji kuangaliwa upya.

Kwa nini hukaza mlimani tu

Katika breki za msukumo, amri ya kufunga breki hutolewa na msukumo kati ya gari na trela. Kichwa cha trela hakijui kama msukumo huo umetokana na gari kupunguza mwendo au gari kurudi nyuma. Kwake yote ni kubanwa.

Tupige hesabu. Kwenye mwinuko wa asilimia 12, uzito wa kilo 2,600 huirudisha trela chini kwa nguvu ya nyutoni 3,000 hivi. Ukinzani wa magurudumu kwenye changarawe iliyolegea huongeza nyutoni 900 na zaidi. Ili trela ipande, pikapu lazima isukume kwa karibu nyutoni 4,000, ambazo ni sawa na uzito wa kilo 400 ukikandamiza kichwa cha trela. Pistoni ya masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22 ina eneo la milimita mraba 380. Gawanya, utapata shinikizo la bar 100 hivi, na hicho ndicho kiwango ambacho breki za diski za trela hukipata zinapofungwa kwa dharura. Kwa maneno mengine, kila jaribio la kupanda kinyumenyume lilikuwa ni kukanyaga breki ya trela hadi mwisho.

Kuna jambo baya zaidi. Breki zikianza kushika, nazo huongeza ukinzani. Pikapu hulazimika kusukuma zaidi, shinikizo hupanda, breki hushika zaidi. Kila nyutoni moja inayoingia kwenye kichwa hutoa nyutoni kadhaa za breki kwenye tairi, kwa hiyo mzunguko huu ukishaanza hauna pa kutulia isipokuwa magurudumu kukaza kabisa. Ndiyo maana kuzidisha mafuta hakusaidii hata kidogo.

Basi mbona lami tambarare haina shida? Kwa sababu kichwa cha msukumo hutengenezwa kisiitikie msukumo mdogo. Katika kanuni za Ulaya, kizingiti hicho ni kati ya asilimia 2 na 4 ya uzito wa trela, yaani kati ya nyutoni 500 na 1,000 kwa trela hii. Lami tambarare hudai nyutoni 300 tu, chini ya kizingiti. Changarawe tambarare hudai kama 900, na hapo mambo huwa ya kubahatisha: siku moja hupita, siku nyingine hukwama kwenye kijishimo. Mlima hauna bahati nasibu. Kwenye njia ya baharini trela iko upande wa chini na inaivuta pikapu, kwa hiyo kichwa kiko wazi kabisa na breki hazina habari.

Ukaguzi kabla ya kununua chochote

Mtu asikimbilie kubadilisha mfumo kabla hajahakikisha kwamba uliopo ni mzima, kwa sababu breki inayoburuza kwa ubovu hufanana sana na breki inayokazwa na msukumo. Trela ilivutwa kilomita 10 kwa mwendo wa kawaida, kisha joto la habu nne likapimwa kwa kipimajoto cha mionzi. Tatu zilikuwa karibu nyuzi 45, moja ilikuwa 95. Kalipa ya gurudumu hilo ilikuwa imeshikwa na kutu kwenye pini zake za kutelezea, pedi moja ikawa haiachii diski. Pini zilisafishwa kwa brashi ya waya, zikapakwa grisi ya silikoni ya breki (grisi ya kawaida huvimbisha mpira), na vifuniko vya mpira vikabadilishwa. Hilo lilipunguza joto. Halikuondoa tatizo la mlimani, na wala halikutarajiwa kuliondoa.

Kitu cha pili kilichoangaliwa ni masta silinda yenyewe. Ya breki za dramu, zile ambazo viatu vya kusugua hutanuka ndani ya ngoma ya gurudumu, huwa na valvu ndogo inayobakiza shinikizo la kama bar 0.7 kwenye mabomba hata breki zikiwa wazi. Kwenye dramu hilo ni sahihi, kwa sababu springi za viatu ni kali na hazishindwi. Kalipa haina springi ya kurudisha, kwa hiyo shinikizo hilohilo huziacha pedi zikisugua diski mchana kutwa. Anayebadilisha dramu kuwa diski akabakiza kichwa cha zamani hukutana na ugonjwa huu mara nyingi. Hapa masta silinda ilikuwa ya diski, na ilikuwa sawa.

Njia zilizokuwa mezani

Kufuli ya mkono ndiyo rahisi kuliko zote: ufunguo au pini ya kiwandani inayozuia kipande cha kuteleza. Iliyotengenezwa vizuri hujifungua yenyewe trela ikivutwa mbele. Bolti ya kutoboa tundu haijifungui, na tumeshaona matokeo yake. Hatari hiyohiyo ipo kwa wale wanaoweka koki ya kuzungusha kwa mkono kwenye bomba la breki. Breki ambayo kurudi kwake kazini kunategemea mtu kukumbuka haifai kwenye trela ya kilo 2,600. Kufuli ya kujifungua inaweza kubaki kama akiba ya siku ya matatizo ya umeme, basi.

Dramu za kujiachia ni werevu wa kifundi unaostahili heshima. Kiatu kimoja ndani ya dramu hakikukazwa moja kwa moja kwenye sahani ya nyuma ya breki. Kimekaa juu ya egemeo linaloweza kuhama. Gurudumu likizunguka mbele, msuguano hukibana kiatu kwenye egemeo lake na breki hushika kwa nguvu. Likizunguka nyuma, msuguano hukivuta kiatu upande mwingine, egemeo linalegea, na viatu vinapoteza pa kushikia. Hakuna waya, hakuna plagi, gari lolote linaweza kuvuta. Fundi akikosea tu na kufunga ya kushoto upande wa kulia, mambo hugeuka: trela haina breki ikienda mbele na hukaza ikirudi nyuma. Ukikuta trela yenye dalili hizo mbili kwa pamoja, usiguse kitu kingine kabla ya kuangalia alama za kushoto na kulia kwenye sahani.

Aina ya Ulaya inayotumia kebo na fimbo badala ya mafuta hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na mara nyingi hushindwa kujiachia kwa sababu ya marekebisho mabaya. Breki zikilegea, watu hukaza nati ya fimbo iliyo chini ya trela kwa kuwa ndiyo rahisi kuifikia. Viatu hubaki vimetanuliwa nusu muda wote, na egemeo linakosa nafasi ya kuhama. Utaratibu sahihi huanzia kwenye gurudumu. Hendibreki iachiwe, kichwa kivutwe nje kabisa, nyota ya marekebisho ikazwe huku gurudumu likizungushwa mbele tu, kamwe si nyuma, hadi lishike, kisha ilegezwe mpaka lizunguke huru. Fimbo huja mwisho, na kazi yake ni kuondoa ulegevu uliobaki bila kuvuta kebo.

Kwa trela hii dramu zilikataliwa kwa sababu moja, nayo inatosha: chumvi. Dramu inayozamishwa baharini hutoka imejaa maji na mchanga, na utaratibu wa kujiachia una vipande vidogo vinavyopaswa kuteleza. Vikishikwa na kutu, dramu ya kujiachia haijiachii tena. Ingekuwa trela ya kubebea mbao au mifugo, isiyoingia majini, dramu za kujiachia zingekuwa chaguo la kwanza bila mjadala.

Breki za umeme, zenye sumaku ndani ya dramu na kidhibiti mbele ya dereva, huondoa tatizo la rivasi kwenye mzizi wake: amri hutoka kwenye pedali, kwa hiyo trela inaweza kusukumwa juu ya ukuta bila breki kushika. Kila sumaku hula kama ampea 3. Ila sumaku, nyaya zake na maji ya bahari havikai pamoja. Zimetoka.

Iliyobaki ya kushindana kweli ni pampu ya umeme inayozalisha shinikizo la hidroli. Pampu hufungwa kwenye mkono wa trela, hupokea ishara kutoka kwa kidhibiti cha ndani ya gari, na kulisha kalipa zilezile za diski. Msukumo hauna usemi tena. Tena mfumo huu hufunga breki za trela hata ikiteremka kinyumenyume, jambo ambalo breki za msukumo haziwezi. Kwenye njia ya baharini iliyojaa utelezi wa mwani, hiyo ni faida kubwa. Lakini unadai pampu ya diski yenye uwezo wa kufika bar 110 hivi, waya mnene wa milimita mraba 5 au 6 kutoka betri ya gari, fyuzi ya ampea 30, betri ya trela ya kufunga breki trela ikichomoka, kichwa kipya kisichoteleza, na kidhibiti kinachoelewana na pampu hiyo katika kila gari litakalovuta. Hapa magari ni mawili.

Uamuzi

Ilichaguliwa valvu ya solenoidi (inayoendeshwa na sumaku ya umeme) ya volti 12, inayokaa wazi isipopata umeme, nayo ikawekwa mbele ya masta silinda. Dereva akiweka gia ya rivasi, umeme wa taa ya rivasi huifunga valvu. Mafuta hayana pa kupita, pistoni haisogei, kichwa kinakuwa kama chuma kimoja, na kalipa hazipati kitu. Akitoa rivasi, valvu hufunguka na breki hurudi zenyewe bila mtu kushuka.

Sababu ya kuipendelea kuliko pampu ni kwamba njia ya kilimani imenyooka na inapandwa kwa mkupuo mmoja. Kama kungekuwa na geti katikati linalolazimisha kusimama, uamuzi ungekuwa pampu, kwa kasoro itakayoelezwa mwishoni. Kama njia ya baharini ingekuwa kali kuliko hii ya banda, pia pampu. Kupoteza breki za trela wakati wa kurudi nyuma hakukuongeza hatari mpya hapa, kwa kuwa trela ikiteremka kinyumenyume breki za msukumo hazikuwahi kufanya kazi.

Kuhusu valvu, neno "wazi isipopata umeme" lisipuuzwe dukani. Ya aina ya pili, iliyofungwa mpaka ipate umeme, huonekana sawa kwa nje na ingeiacha trela bila breki siku zote za safari. Trela ikichomoka na plagi kukatika, valvu iliyo wazi huruhusu kebo ya dharura, ile inayounganisha trela na gari, kukandamiza masta silinda na breki zikafunga.

Kufunga

Vifaa vilivyotumika: valvu moja yenye nyuzi zinazolingana na tundu la masta silinda, plagi na soketi za pini tano kwa trela na kwa kila pikapu, mita 8 za waya wa milimita mraba 1.5, mafuta ya breki ya DOT 3 lita moja, mirija ya kufungia maungio ya waya inayonywea kwa joto na yenye gundi ndani, na spana ya kukumbatia nati za bomba. Spana ya kawaida huvunja pembe za nati hizo.

Bomba lilifunguliwa kwenye masta silinda, valvu ikaingia hapo kwa kufuata mshale ulio juu yake, na bomba likafungwa upande wa pili. Ilikaa juu ya mkono wa trela, mahali ambapo maji hayafiki boti ikishushwa. Waya hasi ulipelekwa peke yake hadi kwenye plagi. Usitegemee chesisi wala mpira wa chuma wa kuvutia kuwa njia ya hasi: mpira huo una grisi na kutu, na solenoidi ikikosa hasi nzuri hubaki nusu imefungwa, inapitisha mafuta kidogo kidogo, na dereva anaona trela inakaza polepole badala ya mara moja.

Hewa ilitolewa kwa kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kisha la karibu, valvu ikiwa haina umeme. Ukitoa hewa huku gari liko kwenye rivasi utapampu hadi jioni bila tone kutoka. Tangi dogo la masta silinda liangaliwe kila baada ya mipigo mitano sita. Likikauka, kazi inaanza upya.

Pikapu ya kwanza haikuwa na shida. Waya uliunganishwa kwenye taa ya rivasi, na valvu ikiwa kazini kipimo kilionyesha volti 12.1 kwenye vituo vyake. Pikapu ya pili, yenye taa za LED zinazosimamiwa na kompyuta ya gari, ilitoa volti 7 tu. Kompyuta za namna hiyo hutuma umeme wa vipande vipande, nyingine huona mzigo mpya kama kasoro na kuuzima. Dawa yake ni relei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo. Waya wa taa ya rivasi uiamshe relei tu, na umeme wa valvu utoke kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 10. Baada ya relei, volti zilisimama 12 kasoro kidogo.

Volti zipimwe hivi, huku valvu ikiwa inatumia umeme. Waya wenye kutu huonyesha volti 12 kamili ukiwa hauna mzigo, kisha volti huanguka pale solenoidi inapovuta umeme.

Majaribio

Gurudumu moja liliinuliwa kwa jeki, trela ikiwa imeegemezwa kwenye stendi na magurudumu mengine yamewekewa kabari. Pikapu ikiwa nyutro, kipande cha kuteleza kikasukumwa ndani kwa mtaimbo: gurudumu likakaza. Kikaachiwa kirudi, rivasi ikawekwa, kikasukumwa tena: hakikuingia, na gurudumu likazunguka kwa mkono. Rivasi ikatolewa, kikasukumwa kwa mara ya tatu: gurudumu likakaza. Hatua hii ya tatu watu huiruka, na ndiyo inayohakikisha kwamba valvu haijakwama ikiwa imefungwa. Valvu iliyokwama hivyo haionyeshi dalili yoyote wakati wa kurudi nyuma. Utaigundua barabarani unapohitaji kusimama.

Kisha breki zilijaribiwa kwa kusimama kutoka kilomita 30 kwa saa kwenye lami kavu, na mwisho mlimani. Trela ilipanda mita 40 zote bila tairi kuburuzwa, kwa gia nzito ya chini.

Kasoro inayobaki na namna ya kuishi nayo

Valvu inapofungwa, huzuia mafuta kwenda na huzuia mafuta kurudi. Kama breki zilikuwa tayari zimeshika kabla ya rivasi kuwekwa, shinikizo hunaswa ndani na magurudumu hubaki yamekaza. Wengi hulaumu valvu hapo, wakaibadilisha, wakakuta hali ni ileile.

Chini ya mlima dawa ni ndogo. Pikapu isogee mbele nusu mita kwenye sehemu tambarare, dereva aachie mafuta na kuiacha isimame yenyewe kwa uzito wa trela bila kukanyaga breki. Kichwa kitakuwa kimevutika nje. Hapo ndipo aweke rivasi na kuanza kupanda.

Katikati ya mlima ni kazi nyingine. Dereva akisimama huku gia ikibaki kwenye rivasi, klachi chini na mguu kwenye breki, hakuna kitu kinachobadilika, na anaweza kuendelea. Akiweka nyutro, valvu hufunguka, na trela iliyo juu yake hulalia kichwa na kufunga breki zake yenyewe. Kwa kusimama hilo ni jema, trela inajishikilia. Lakini akiweka rivasi tena, shinikizo hilo lote limenaswa. Kusogea mbele kidogo hakusaidii kama ilivyo kwenye tambarare, kwa kuwa mara tu pikapu inaposimama trela huilalia tena.

Njia inayofanya kazi ni kabari. Pikapu ishikiliwe kwa hendibreki, msaidizi aweke kabari mbili imara mbele ya tairi za trela, upande wa bonde, kisha atoke kabisa kwenye njia ya trela. Dereva aachie pikapu iteremke mbele polepole, sentimita chache, mpaka uzito wa trela ulale kwenye kabari na kipande cha kuteleza kionekane kimevutika nje. Aishike pikapu kwa pedali, aweke rivasi, kisha asukume. Kabari hubaki nyuma zenyewe, na msaidizi huzifuata trela ikishafika juu. Kabari hizo sasa zimefungiwa kibanio chake kwenye mkono wa trela, pembeni ya valvu, ili zisikosekane siku klachi au mvua vitakapolazimisha kusimama katikati.

Kila boti ikitoka baharini, kalipa na diski humwagiwa maji baridi yasiyo na chumvi, na plagi hukaushwa na kupakwa grisi ya umeme. Lile jaribio la mtaimbo na gurudumu lililoinuliwa hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na hatua yake ya tatu haikosi.